Mbingu za Usta Yadollah

Usta Yadollah alitoka hospitali ya macho akiwa amekasirika. Daktari alikuwa amemtoa mtoto wa jicho la kulia na kumwekea kioo kipya ndani. Asubuhi ile akambandua bandeji, akarudi nyuma hatua moja, akauliza, "Haya, Usta, waonaje?"

Usta akatazama. Ukuta ambao jana ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha leo ulikuwa mweupe pe. Koti la daktari lilimchoma. Na mkewe, Mahlagha, aliyekaa kwenye benchi na mkoba mapajani, alikuwa amejifunga mtandio wa buluu.

"Mtandio huo umenunua lini?"

"Upi?"

"Huo wa buluu."

"Si ndio huu ulioniletea kutoka Mashhad, Baba Farzane! Mwaka wa ngapi sijui nauvaa."

"Nilikuletea wa kijivu."

Mahlagha akamgeukia daktari kwa jicho la mtu aliyeletewa mkate ambao haujaiva. Daktari akacheka. Akaeleza kwamba mtoto wa jicho yule hakuingia juzi. Alikuwa anakomaa polepole kwa miaka minane, tisa hivi. "Muda wote huo ulikuwa unaitazama dunia kupitia glasi ya chai," alisema. "Kila cheupe kilikuwa cha manjano, kila cha buluu kilikuwa kimefifia. Sasa umeondoa glasi. La kushoto tutalishughulikia baada ya hili, Mungu akipenda."

Husemwa macho hayana pazia. Haya ya Usta yalikuwa nalo, tena zito, na mwenyewe hakujua hata lilipoanza kushuka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa na kazi moja: kufumba jicho hili, kufumbua lile. La kulia lilimwonyesha Isfahani iliyooshwa kwa sabuni, yenye ubaridi, vigae vya msikiti vimewaka hadi vinaumiza. La kushoto lilimrudishia Isfahani yake ya jana, tamu, ya asali. Akafumba, akafumbua. Kwenye foleni ya mkate wa sangak mwanamke mmoja mnene akaanza kumkazia macho, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi tanurini, "Haya! Mzee na mvi zake ananikonyeza!"

"Ametoka kupasuliwa, dada yangu, msamehe," Mahlagha alisema, huku akimfinya mumewe kiwiko. "Na wewe, ukikonyeza, nikonyeze mimi."

"Nataka kujua lipi linasema kweli."

"Lipi nini?"

"Jicho."

Sasa, mtu mwingine angeshukuru na kwenda zake kula. Lakini Usta Yadollah alikuwa mchoraji wa picha ndogo, na "Usta" huitwa fundi bingwa tu. Tangu ndevu hazijamwota alikuwa amekaa sokoni, chini ya mapaa yale ya matofali, karatasi juu ya goti, akichora wapanda farasi wadogo kuliko kidole, kila unywele wa mkia wa farasi kwa mpigo wake, kwa brashi ya manyoya ya koo la paka. Na rangi ndiyo chakula chake. Usimwambie mtu wa namna hiyo kwamba buluu haikuwa buluu kwa miaka minane, halafu umtakie safari njema.

Tena alikuwa na jambo. Mjukuu wake, Golnar, binti wa Farzane, alikuwa anaolewa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku hizi hati za nikahi huchapwa kwa mashine, maua yake yote pacha. Golnar alikuwa amegoma. "Babu, nikisomewa juu ya karatasi ya mashine, nakataa mbele ya shehe," alisema, na alivyo yule mtoto, angekataa kweli. Basi Usta akaanza hati. Katikati akaacha uwanja mweupe wa maneno. Pembeni akachora bustani, kijito, mberoshi, paa wawili wanaotazamana, na juu yake mbingu. Hapo macho yakamgomea, mistari ikawa inamkimbia, ndipo alipokubali kupelekwa hospitali. Lakini kabla ya kwenda aliapa mbele ya familia yote, mkono juu ya brashi: kama baada ya kisu hataweza kuimaliza hati ile ikawa kazi ya kutazamika, hachori tena hata nyusi ya mtu. Brashi atazigawa. Na wote walijua Usta bila brashi ni mtu wa kukaa mlangoni akihesabu wapita njia mpaka afe.

Kwa hiyo alipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijimeza chake dirishani, akaondoa kitambaa, akaitazama hati ya Golnar kwa jicho jipya.

"Lo!"

Mbingu ilimrukia usoni. Haikuwa mbingu ya asubuhi aliyokusudia, laini, ya kupumua. Ilikuwa buluu kali iliyokwisha kuvuka mpaka ikaingia zambarau. Paa wale maskini walisimama chini yake mithili ya watu wanaosubiri kupigwa. Akafumba jicho la kulia. Mbingu ikatulia, ikawa nzuri, ikawa ile aliyoichora. Akalifumbua. Balaa lile lile. Mawingu ya dhahabu tu, aliyoyaanza pembeni na kuyasugua kwa jiwe la akiki mpaka yakang'aa, ndiyo yaliyokubaliwa na macho yote mawili. Mengine yote yalikuwa na mashahidi wawili wanaopingana.

"Mama Farzane! Njoo uone!"

Mahlagha akaja akijifuta mikono. Akainama juu ya karatasi. "Mashallah," alisema. "Mashallah, mkono usiumie. Umemaliza kutazama? Supu inapoa."

Usta hakula supu. Aliingia sebuleni. Pale ukutani, toka pembe hadi pembe, kulikuwa na picha za mwaka mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Mwaka waliooana, Usta hakuwa na uwezo wa bangili, akamchorea bibi harusi picha aliyofundishwa na mwalimu wake: mpanda farasi amepumzika chini ya mberoshi, farasi anakunywa kijitoni, mbingu juu. Tangu hapo kila Nowruzi, kabla ya kazi ya mtu yeyote, alichora picha ile ile, mstari kwa mstari, akampa mkewe. Bangili zilikuja baadaye, lakini picha hazikukoma. Kasoro mwaka mmoja tu, ambao paka aliimwagia picha maji.

Akazitazama moja moja, mikono nyuma, kwa jicho la kulia. Za zamani, mbingu sawa. Akasogea. Mwaka Golnar alipoanza sekondari, pengo la paka. Akasogea. Zilizofuata, sawa kabisa, laini, utadhani zote zimetoka kwenye kombe moja la rangi. Akasogea, akafika pembe ya mwisho. Hapo akasimama. Ya mwaka juzi ilikuwa imeanza kuwaka. Ya mwaka jana imewaka. Ya mwaka huu ilikuwa ndugu yake hati ya Golnar, tumbo moja.

Akarudi mwanzo, akazipitia tena. Sasa kichwa kikaanza kumzunguka kweli. Daktari amesema miaka minane, tisa. Basi miaka ile ya katikati, ambayo jicho lilikuwa tayari ni glasi ya chai, mbingu zilitokaje sawa? Mtu asiyeona buluu amechoraje buluu iliyonyooka, mwaka baada ya mwaka, kisha ghafla akaharibika? Alijaribu kila mlango. Labda karatasi. Hapana, karatasi ni ile ile. Labda jiwe la lajuardi, lile la buluu linalosagwa. Labda Mwafghani anayeliuza amebadilisha mlima. Labda kioo hiki kipya kina kichaa chake, kinaonea picha tatu na kusamehe nyingine. Alikiri moyoni kwamba hilo la mwisho ni upuuzi, lakini alilishikilia kuliko mengine.

Kesho yake akamfuata Haji Safar. Huyu alikuwa jirani yake wa sokoni, fundi wa njumu, ambaye fremu zake za vipande vya mbao na mifupa ndizo zilizovaliwa na nusu ya picha za Usta. Ni miaka mingi wanachangia birika moja.

"Haji, nataka kukuuliza, na unijibu kweli."

"Niwe kafara yako, Usta! Karibu, kaa. Nuru imerudi machoni, nuru imerudi sokoni. Mahali pako palikuwa patupu, wallahi, nimekunywa chai kama mjane."

"Picha zangu za karibuni. Mbingu zake zikoje?"

"Mkono wako usiumie. Mimi nani wa kuzisemea?"

"Sikuomba baraka. Nimeuliza mbingu."

"Mbingu ni za Mwenyezi Mungu, Usta."

"Haji!"

Haji Safar akachukua kipande cha sukari, akakiweka baina ya meno, akavuta chai juu yake taratibu. Huku kwetu mtu mwenye sukari mdomoni hana deni la kujibu mpaka iyeyuke, na Haji alikuwa amechagua kipande kikubwa. Usta akangoja. Sukari ikaisha. Haji akatafuta nyingine, Usta akakivuta kibakuli upande wake.

"Haya," Haji alisema, akitazama miguu yake. "Kuna mgeni mmoja, mtu wa Shirazi, si unawajua na maneno yao. Aliuliza farasi yule mbona amelala chini ya mbilingani."

"Chini ya nini?"

"Mbilingani. Nikamwambia, huo ni mtindo mpya wa Usta, hujui kitu. Akanunua mbili."

Usta akakiachia kibakuli. "Lini?"

"Mwaka jana. Na mwaka juzi, kidogo."

"Na kabla?"

"Kabla zilikuwa mbingu. Nakuapia Qurani, zilikuwa mbingu."

"Na wewe ukanyamaza! Miaka miwili nauza mbilingani, unanipigia makofi!"

"Ningekwambia? Uso kwa uso?" Haji Safar aliumia kikweli, akaweka mkono kifuani. "Usta, mimi ni mtu wa Isfahani, si mnyama."

Na kwa hilo huwezi kumlaumu. Soko zima lilikuwa limeona. Wauza shaba walikuwa wameona, muuza gazi, zile peremende laini za Isfahani, aliyekuwa na picha ya Usta juu ya marobota yake, alikuwa ameona, na kila mmoja alipopita mlangoni alisema mashallah, mkono usiumie. Adabu ya mji huu ni tamu, lakini inaweza kukuacha uchi mchana kweupe, na watu wakakusifia koti.

"Sasa kwa nini kabla zilikuwa sawa?" Usta aliuliza, kwa sauti ndogo. "Daktari anasema nilikuwa sioni."

"Mimi niulize mbao," Haji alisema. "Rangi kamwulize anayekusagia."

Usta alirudi nyumbani kwa miguu. Anayemsagia! Rangi zake tangu siku za mwanzo zilisagwa na Mahlagha. Binti wa mchoraji, alizaliwa kwenye vumbi la rangi. Ndiye aliyeliponda jiwe, akaliosha mara nyingi mpaka likatoa unga safi, akauchanganya na chokaa nyeupe na gundi ndani ya makombe ya chaza. Na wachoraji wote wa aina yake hawachukui rangi kutoka kombeni kwa kubahatisha. Msagaji hutengeneza, mchoraji hutazama, husema ongeza hiki, punguza kile, mpaka akasema basi. Ndivyo walivyofanya wao pia. Yeye alikuwa akisema ongeza. Mahlagha alikuwa akiongeza. Sasa kosa liko wapi?

Akamkuta amekaa chini dirishani, mguu mmoja umekunjwa, jiwe la kusagia mbele yake.

"Umekula?"

"Nitakula. Nitengenezee buluu ya mbingu, Mama Farzane. Ile ya juu nataka kuipiga tena."

"Ina nini ile ya juu?"

"Nitengenezee tu."

Akatengeneza. Usta akakaa palepale anapokaa kila siku, juu ya godoro, mkono shavuni, ila safari hii alikuwa amelifumba jicho la kushoto. Mahlagha akamsogezea kombe. Usta akasema neno alilolisema maisha yake yote: "Ongeza lajuardi."

Mahlagha akachukua kijiko cha pembe, akageuka nusu kuelekea kwenye kopo la unga, akarudi, akagonga kijiko kwenye ukingo wa kombe, ting, ting, akakoroga kwa kidole. "Nimeongeza."

Usta akalikodolea kombe. Rangi haikusogea hata chembe. Kijiko kilikuwa kikavu, hakijaoga leo.

"Ongeza tena."

Ting, ting. "Nimeongeza. Sasa?"

Mlio ule! Miaka yote hiyo, mlio ule ndio uliomwambia kwamba rangi imefika. Masikio yake yalikuwa yamechora.

"Mahlagha," alisema. Si Mama Farzane. Mwanamke akajua kuna jambo, akaweka kijiko chini. "Kijiko hiki kimebeba nini?"

Mahlagha akakisogeza kijiko kando. Akafuta kidole chake kwenye kitambaa, kikabaki na buluu kwenye kucha kama siku zote.

"Kimebeba heshima yako," alisema.

Ndipo yakatoka. Mwaka ule Golnar alipoanza sekondari, Usta alichora picha ya Nowruzi na kila alipopewa rangi alisema ongeza, bado, ongeza, mpaka mbingu ikawa kama alama ya kipigo. Mahlagha aliona, akaogopa. Akajua ni macho. Akafikiri amwambie, mara mbili akafungua mdomo, mara mbili akaukuta una mashallah. Basi akaimwagia picha maji.

"Wewe?"

"Mimi."

"Si paka?"

"Paka hakuwepo hata chumbani, maskini."

"Nilimfukuza paka yule! Paka wa manyoya! Sijapata brashi kama zile tena!"

"Na mimi nikampelekea nyama kwa jirani mpaka alipokufa. Ulitaka nifanye nini zaidi?"

Kuanzia hapo, Usta akisema ongeza, Mahlagha anagonga kijiko. Usta anaridhika. Mbingu zinatoka sawa. Watu wanasema mkono usiumie, na safari hii wanasema kweli.

Usta alisimama. Hakujua acheke, apige kelele, au avunje kitu, na kwa kuwa hakujua alizunguka chumba akirekebisha mito. "Kwa hiyo mbingu zile zote ni zako," alisema. "Nilikaa hapa kama mtoto anayepewa usukani wa gari lililozimwa. Nikajiita Usta!"

"Farasi wako. Mberoshi wako. Mkono wako. Mimi nilizuia kijiko."

"Ulinidanganya!"

"Nilikudanganya," Mahlagha alikubali. "Kila siku. Na ningekudanganya tena kesho."

"Kesho haipo! Golnar akachapiwe hati kwa mashine. Nimeapa na kiapo changu kimetimia, tena kwa mkono wa mke wangu. Brashi nitampa Haji Safar apakie gundi!"

Alikuwa na hasira, lakini chini yake kulikuwa na uchungu, na uchungu ndio uliomsukuma kwenye ukuta. Akaing'oa picha ya mwaka huu, akang'oa na moja ya zile za katikati, akaziweka pamoja mbele ya mkewe kwenye mwanga. "Tena kitu kimoja sikielewi. Kama ulikuwa unazuia kijiko, mbona hizi za mwisho zimekuwa mbilingani? Ulichoka nami? Ulitaka wanicheke?"

"Zipi?"

"Linganisha hizi mbili! Hii, na hii! Huoni?"

Mahlagha akaichukua ya kwanza, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali. Akaichukua ya pili. Akaigeuzia dirishani. Akazilinganisha kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu wa kazi.

"Ziko sawa," alisema. "Hii ya mwaka huu labda imefifia kidogo. Niliona hivyo hata siku ile, nikajiambia mwakani niweke unga zaidi."

Usta alifungua mdomo amjibu. Halafu, bila kujua kwa nini, akafumba jicho la kulia, akazitazama picha zile kwa la kushoto, lile la zamani ambalo bado lina mtoto wake ndani. Mbingu mbili zikawa moja. Hakuna tofauti. Ile ya mwaka huu, kusema kweli, imefifia kidogo.

Hapo ndipo mambo yote yaliyomchanganya tangu jana yalipokaa mahali pake, na alitamani yasingekaa.

Akalifumbua jicho la kulia, akamtazama mkewe usoni. Alikuwa hajamtazama vizuri, tangu apone alikuwa anatazama rangi tu. Mwanga wa dirisha ulikuwa unampiga sawasawa. Katikati ya mboni zake zote mbili kulikuwa na wingu dogo, jeupe, la maji ya mchele. Wingu hilo alikuwa amelijua kwenye kioo cha kunyolea.

Huruma ilimwingia. Miaka yote mwanamke huyu alikuwa macho yake, na macho hayo yalikuwa yanazimika kidogo kidogo, na bado anasimama zamu, anamwongezea unga akidhani anamzuilia. Nyani haoni kundule, alitaka kusema, walikuwa wawili wa kutaniana hivyo kutwa. Maneno yakafika ulimini. Lakini na yeye ni mtu wa Isfahani.

"Labda ni jicho hili jipya," alisema. "Daktari alisema litachukua siku kutulia."

"Si nilikuambia!" Mahlagha alisema, akashusha pumzi. "Vitu vyenyewe vya plastiki. Kaa ule."

Akala. Hakugusa tena habari ya kiapo, na Mahlagha hakuuliza.

Siku zilizofuata Usta alikaa dirishani na pamba yenye unyevu, akiinyanyua mbingu ya Golnar kutoka kwenye karatasi, tone kwa tone, bila kugusa paa wala mawingu ya dhahabu. Kazi hiyo inataka pumzi ya mwizi. Mahlagha alimwuliza anafanya nini, akasema anasafisha. Karatasi ilipokauka, akaisugua upya kwa jiwe mpaka ikawa laini, akasema, "Haya, Mama Farzane. Rangi."

Mahlagha akasaga. Akachanganya. Safari hii Usta hakukaa juu ya godoro. Alishuka chini, akakaa ubavuni mwake, goti kwa goti. Kombe lilikuwa kati yao, na ndani yake, Mungu ni shahidi, mbingu ilikuwa imefika. Sawasawa, asubuhi yenyewe, ile ya picha za zamani. Mkono wa Mahlagha ulikuwa bado unakumbuka vipimo, ni macho yaliyokuwa yanaukosoa.

Mahlagha akalisogeza kombe kwenye mwanga, akakunja uso. "Bado," alisema. "Imefifia. Hii ni harusi, si matanga. Niongeze lajuardi."

Akanyoosha mkono kutafuta kijiko. Usta akakiwahi. Maisha yake yote hakuwahi kukishika kijiko kile. Akageuka nusu kuelekea kwenye kopo la unga, akarudi, akagonga ukingo wa kombe.

Ting, ting.

"Nimeongeza," alisema.

Kidole cha Mahlagha kilikuwa njiani kwenda kukoroga. Kikasimama. Mlio ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeubuni, anajua kijiko kitupu kinalia vipi na kilichojaa kinalia vipi. Alikaa hivyo, kidole hewani. Akageuza uso polepole kuelekea sebuleni, kwenye zile picha, ambazo machoni pake kutoka pale zilikuwa mistari tu. Akainua mkono wenye kucha ya buluu, akajigusa kope la jicho.

Usta akakilaza kijiko kikavu kitambaani.

"Daktari wako," Mahlagha alisema mwishowe, "anakutaka lini tena?"

"Jumanne."

"Tutakwenda wote. Peke yako utakonyeza watu."

"Tutakwenda wote," Usta alisema.

Mahlagha akakoroga. Akaliinua kombe mpaka karibu liguse pua yake, akalitazama upande huu, akalitazama upande ule.

"Mimi naona bado," alisema. "Lakini umeongeza, si ndiyo?"

"Nimeongeza."

"Basi imetosha." Akamwekea kombe mkononi. "Chora, Baba Farzane. Mtoto anasubiri."